Sentensi fupi si sentensi iliyokatwa

Mtoto wa miaka mitatu mwenye usonji (autism) amelala ubavu sakafuni, anazungusha gurudumu la gari lake la kuchezea. Mzazi anachuchumaa karibu yake: "Gari. Sema gari. Hii nini? Gari." Mtoto hageuki.

Mzazi huyu si mzembe. Ameshauriwa apunguze maneno, na ushauri huo una msingi: mtoto anayesikia maelezo marefu kama mkondo mmoja usiokatika hawezi kuokota neno humo. Neno moja likirudiwa linashikika.

Ninachokihofia ni kupunguza kunapogeuka kukatakata. Mwaka 2015 mtafiti wa lugha ya watoto Courtney Venker na wenzake waliripoti kwamba watoto wenye usonji ambao wazazi wao walizoea kudondosha vijineno vya sarufi ya Kiingereza, kama "the" na "a", walitumia maneno ya aina chache zaidi mwaka mmoja baadaye. Mtu anaweza kujibu kwamba huenda wazazi hukata zaidi wanapoona mtoto anapata shida zaidi. Hoja hiyo ni ya haki, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kuimaliza. Lakini kwa Kiswahili naona hasara ni kubwa zaidi, maana sarufi yetu imo tumboni mwa neno. "Gari limeanguka" ni maneno mawili tu. Ukisema "gari anguka" umempunguzia mtoto silabi mbili, na hajui tena kama limeanguka, litaanguka au yeye ndiye anayeamriwa aanguke.

Kuna pia suala la mwangwi, yaani mtoto kurudia maneno ya mwingine kama alivyoyasikia. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, alipoeleza habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, aliona wanarudia walichoambiwa na kubadilisha "mimi" na "wewe". Mtoto anayeulizwa "Unataka maji?" kila apewapo maji, siku moja huja na kiu yake akasema "Unataka maji". Wapo wanaotaka tabia hiyo izimwe. Mimi nasimama na Barry Prizant, mtaalamu wa matatizo ya lugha, ambaye kazi zake za miaka ya 1980 zilionyesha kwamba mwangwi una shughuli: kuomba, kujibu, kushika zamu. Mpe kikombe huku ukisema kwa niaba yake, "Nataka maji." Tofauti ni kiambishi kimoja, naye atakisikia.

Zaidi ya urefu wa sentensi, nauliza inahusu nini. Watafiti Michael Siller na Marian Sigman walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kufuatilia watoto wenye usonji kwa muda wa hadi miaka 16: wale ambao wazazi wao walizungumzia kile mtoto alichokuwa ameshakielekea walipiga hatua zaidi katika lugha. Bila shaka huwezi kufuata macho yake siku nzima. Akikimbilia barabara, "Simama!" inatosha.

Ila yule wa sakafuni hatazami gari, anatazama gurudumu. Mzazi alale naye pale chini, aseme, "Linazunguka." Kisha anyamaze, hata sekunde kumi, bila kuongeza "sema".