Rangi ya Njano Iliishia kwenye Mabano

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutangaza mapema. Grupu letu la ukoo kwenye WhatsApp lina watu 43. Wengi wako Mtwara mjini, kidogo Nanyamba, wawili Dar, na mmoja hatumjui ni nani ila kila mtu anaona aibu kumtoa. Usiku mmoja nikiwa masomoni Nagoya, Japani, saa sita ya kule, nikawaandikia kwamba nikimaliza shahada narudi na gari, na gari hilo silipii ushuru hata senti tano. Nikamalizia kwa mbwembwe: "Sheria inaniruhusu."

Wakafurahi. Mama akatuma sauti ya vigelegele ya dakika nzima. Shemeji yangu ndiye aliyejibu kwa neno moja tu: "Haya." Shemeji aliwahi kuagiza Vitz kwa njia ya kawaida, akalipa kila kinacholipwa mpaka akauza pikipiki yake. "Haya" yake ile nilidhani ni wivu.

Na sikuwa nimedanganya. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina Jedwali la Tano, na humo ndani mkazi anayerudi nyumbani anaruhusiwa kuja na gari moja bila ushuru. Masharti yapo: awe ametimiza miaka 18, awe hajawahi kula msamaha huo kabla, na gari liwe lake mwenyewe, amelimiliki na kulitumia huko alikokuwa kwa angalau miezi 12. Nililisoma mwenyewe, sikusimuliwa. Nikalichapa, nikanunua kalamu ya haileta ya njano, nikapaka pale penye miezi 12. Ile karatasi nilitembea nayo kama hirizi.

Gari lenyewe nilinunua kwa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anarudi kwao. Vitz ya cc 1,300, umri wake umeshapita miaka kumi, safi kama sahani. Kununua haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kutafuta pa kulilaza, maana Japani huwezi kujisajilia gari bila kuthibitisha kwamba una mahali pa kuliegesha. Watu wanakuja kuhakiki, wanachora ramani. Kwetu Chikongola unaegesha chini ya mwembe wa jirani, na jirani anakushukuru kwa kumtia heshima.

Sasa sikilizeni hesabu yangu, maana ndiyo iliyoniua.

Kule kuna ukaguzi wa lazima wanauita shaken. Gari dogo lililokwisha kutumika hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na usidhani ni kama kupigwa tochi ukaachiwa. Unalipa hela ya kukufanya ukae chini. Shaken ya Vitz yangu ilikuwa inaisha siku tatu baada ya tarehe ya meli. Kuna meli nyingine ilikuwa inaondoka mwezi mmoja baadaye, lakini kuisubiri ni kulipia ukaguzi wa gari ambalo naenda kulipakia, pamoja na kodi ya maegesho ya mwezi mzima. Nikakokotoa: nimelimiliki miezi 11 na siku 6. Meli itakaa baharini siku 38. Likifika Dar litakuwa limetimiza mwaka na chenji ya wiki mbili juu.

Rafiki yangu mmoja, Mnyarwanda, akaniambia, "Subiri hiyo meli nyingine bwana." Nikamcheka. Nikamwambia sisi watu wa pwani tunaijua bahari.

Nikalipakia.

Mama alipojua linashukia Dar alikasirika kweli. "Bandari tunayo hapa mlangoni, tena ina kina," akasema, na kina inacho, hilo hatubishani na mtu. "Korosho zinaondokea hapa, gari linashindwaje kufikia hapa?" Nikamweleza kwamba korosho zinafuatwa na meli, ila mimi na kigari changu kimoja ndio tunaoifuata meli. Akasema Japani nimejifunza kujibu wakubwa.

Nikatua Dar, nikakaa kwa binamu Mbagala kusubiri. Meli ilipofika nikaambatana na wakala, kijana wa Temeke mwenye haraka, hadi kwa watu wa forodha. Dirishani alikuwepo mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kwenye uzi, sauti ya chini kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

Nikamwaga karatasi zangu. Pasipoti, cheti cha chuo, hati ya kufuta usajili ya Japani, bili ya meli. Mwishoni, kwa madaha, nikaitandaza ile hirizi yangu yenye rangi ya njano. Akavaa miwani. Akasoma kimya. Akanirudishia karatasi moja tu, ile ile ya njano.

"Nisomee hapa baba. Kwa sauti."

Nikasoma. Ni Kiingereza cha sheria, lakini nikasoma kwa pozi, nikatafsiri na kwa Kiswahili ili hata wakala aone anafanya kazi na nani: gari moja, ambalo msafiri amelimiliki na kulitumia mwenyewe nje kwa angalau miezi kumi na miwili.

"Endelea."

"Imeishia hapo mama."

"Haijaishia. Rangi yako ndiyo imeishia."

Nikaangalia. Wallahi tena, mbele kidogo tu ya njano yangu, palikuwa na mabano. Mabano mawili madogo, nyeupe pee, ndani yake maneno ambayo jicho langu lilikuwa likiyaruka kwa mwaka mzima kama ngazi iliyooza. Yanasema, kwa ufupi: bila kuhesabu muda wa safari endapo gari limeletwa kwa meli.

Niliyasoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa macho, ya pili kwa midomo, ya tatu nikawa naangalia tu lile bano la kufungia lilivyojipinda, kama ndoana ya kuvulia samaki.

Sikukubali kirahisi, nisiwafiche. "Lakini mama, hata likiwa baharini lilikuwa langu. Si la nahodha."

"Lako ndiyo, nani kakataa. Ila wanasema kumiliki na kutumia. Ukiwa wewe umepanda ndege na lenyewe liko melini, ulilitumiaje?"

Wakala akakohoa. Nyuma yangu foleni ilikuwa na watu kama sita, na nahisi wote waliacha mambo yao kusikiliza nitajibu nini. Nikasema, "Kiroho, mama." Foleni ikacheka. Mama wa dirishani hakucheka. Aliandika kwa penseli pembeni mwa karatasi yangu: 11 na siku 6. Akaikunja vizuri, akanipa.

Siku 24. Kama ningemsikiliza Mnyarwanda, ningepata siku zangu 24 na nyingine za kuchezea.

Baada ya hapo ni ushuru wa wananchi wote. Watu wengi hudhani unalipia bei uliyonunulia. Thubutu. Wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, na mfumo ule uliithamini Vitz yangu kuliko nilivyowahi kuithamini mimi, hata siku naiosha. Juu ya thamani hiyo inakuja asilimia 25 ya forodha. Juu ya jumla hiyo, asilimia 5 ya ushuru wa bidhaa, kwa kuwa injini imezidi cc 1,000. Halafu asilimia 30 ya uchakavu, kwa kuwa gari limepita miaka kumi. Hii ndiyo iliyoniuma. Yaani kwenye thamani gari ni zima, kwenye uchakavu ni bovu, na vyote viwili nalipa. Kisha VAT asilimia 18 inapanda juu ya lundo zima, kodi imebebana na kodi kama watoto wa mwalimu kwenye baiskeli. Ukiongeza na tozo ndogo ndogo kama ile ya reli, ikasoma milioni 5 na laki 8. Nililinunua chini ya nusu ya hiyo.

Nami mfukoni nilikuwa na laki 4, na jiko la umeme la kupikia wali la Kijapani nililomletea Mama. (Hilo nalo lilikuwa la volti 100. Tulilichomeka mara moja tu, likasema "pa!", na Mama akasema harufu yake si mbaya.)

Storeji ya bandarini inahesabu kila siku, haijui Jumapili wala msiba. Ikabidi nimpigie Mjomba Nanyamba. Kwetu ukikwama kweli unakwenda kwa mjomba, baba anaarifiwa baadaye. Ilikuwa msimu, mnada ulishapita, hela ya korosho imeingia kwenye akaunti yake, na ukoo mzima ulijua kwamba hela hiyo ni ya bati.

Nikaeleza kwa kirefu. Yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Njomba," akasema, "hayo mabano ndiyo kitu gani?"

"Ni vile vialama viwili, mjomba, kimoja kinafungua kingine kinafunga."

"Kama mlango."

"Kama mlango."

"Na wewe hukuingia ndani."

Nikanyamaza.

"Nakutumia. Ila kadi ya gari ikitoka, naishika mimi mpaka urudishe hela yangu."

Nikasema sawa mjomba. Ningesema nini? Namba za njano zikafungwa, nikaondoka Dar alfajiri, peke yangu na gari langu, kilomita mia tano na sitini mbele.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba gari halikuwa na habari kwamba limehama. Redio yake ni ya Kijapani, masafa yanaishia 90, kwa hiyo stesheni ninazozitaka zote ziko juu ya dari lake. Kioo cha ramani hakijui nchi nyingine duniani. Nimevuka Daraja la Mkapa, Rufiji iko chini imejaa maji ya rangi ya chai, mshale umeganda Nagoya. Nimefika Nangurukuru, nakula muhogo wa kuchoma, mshale uko Nagoya. Na kila nikiwasha gari, sauti ya mwanamke mpole inatoka chini ya usukani: *kaado ga soonyuu sarete imasen*. Ni kile kidude cha kulipia barabara za haraka za kule. Anasema kadi haijachomekwa. Kule unachomeka kadi, ukipita getini inakata hela yenyewe. Kati ya Somanga na Lindi hakuna geti la namna hiyo, lakini yeye hachoki. Nilijaribu kukizima, nikafanikiwa kuwasha taa za hazadi.

Nilipoteremka Mikindani na kuiona ile ghuba imetulia, mitumbwi imelala pembeni, nilisahau yote kwa dakika kumi nzima. Kisha nikafika nyumbani.

Ukoo ulikuwa umejipanga barazani. Ming'oko imechemshwa, mkeka umetandikwa. Shemeji amekaa kiti cha mbele kabisa, amevaa shati la Idi. Hakuna aliyetaja ushuru, adabu hiyo wanayo. Walilizunguka gari, wakaligonga gonga bodi kama wanaonunua tikiti maji. Mama akaomba aingie. Akajifunga mkanda, akaweka mkoba mapajani, nikawasha.

Yule mwanamke akasema yake.

"Marahaba mwanangu," Mama akaitikia. Akanigeukia: "Ana heshima huyu."

Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Mpaka leo tukitoka sokoni Mama anamwitikia, na siku moja alinigombeza kwamba nimewasha gari mara mbili nikamfanya binti wa watu aamkie mara mbili.

Mjomba aliteremka kutoka Nanyamba Ijumaa iliyofuata, na bajaji, makusudi, ili watu waone hali aliyonayo. Nikamkabidhi kadi kwa mikono miwili. Akaisoma yote, mbele na nyuma, akaigeuza kutafuta kama ina mabano. Akaitia kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa shati la ndani. Kisha akasema nimpeleke mpaka Naliendele akamsalimie mtu.

Akakaa. Nikawasha.

*Kaado ga soonyuu sarete imasen.*

Mjomba akageuka taratibu, akainama kuangalia chini ya usukani.

"Anasemaje huyu?"

"Anaulizia kadi, mjomba."

Akajipapasa kifuani, akahakikisha bahasha ipo. Akainama tena, karibu kabisa na kile kidude, akakijibu kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi:

"Kadi ninayo mimi! Twende!"