Mwingine si mimi

Jumamosi nilishinda kwenye semina ya kujitambua. Tulijaza fomu ya maswali 40, kisha mtoa mada akatusomea majibu: wewe kiongozi, wewe mtulivu, wewe msanii. Mama mmoja wa makamo kando yangu aliliandika jibu lake kwenye daftari, akalipigia mstari mara mbili. Niliumia, na mpaka leo naumia.

"Jitambue" ni neno zito. Wagiriki walilichonga kwenye hekalu la mungu wao Apollo kule Delphi, na mwanafalsafa Socrates, aliyenyweshwa sumu Athens mwaka 399 KK, anasikika katika maandishi ya mwanafunzi wake Plato akikiri kwamba bado hajalifikia.

Lakini anayenishika zaidi ni mpishi. Mwaka 1223 mtawa kijana wa Kijapani, Dogen, alivuka bahari kwenda China kutafuta mafundisho ya Zen, njia ya Kibudha ya kutafakari. Huko, kwenye monasteri ya Tiantong, akamkuta mpishi anaanika uyoga juani. Mzee wa miaka 68, mgongo umepinda, fimbo ya mwanzi mkononi, kichwani hana kofia, vigae vinaunguza miguu. Dogen akamwonea huruma: mbona huwaachii wasaidizi? Mzee akajibu, "Mwingine si mimi." Sawa, lakini jua lote hili, kwa nini sasa? "Nisubiri saa ipi?"

Dogen alinyamaza. Nami nimezunguka na maneno hayo wiki nzima, jikoni, kwenye daladala, kitandani. Uyoga ukianikwa na mwingine utakauka vilevile. Kilichomo katika kuuanika hakimfikii mzee mpaka aunguzwe yeye.

Socrates naye hakumwekea mtu jibu mkononi. Alimchorea kijana mtumwa mraba, akamtaka apate mwingine wenye eneo maradufu. Kijana akakosea, akakosea tena, akakwama. Socrates aliona kukwama huko ni faida: sasa kijana amejua kwamba hajui.

Najua, hawa wawili hawasemi kitu kimoja. Socrates anahoji mpaka mtu achoke; Dogen anakaa kimya, na aliandika kwamba kujifunza nafsi ni kuisahau nafsi. Na fomu huenda ikamwamsha mtu. Huenda. Ila kumpa mtu jina la nafsi yake kabla hajaitafuta ni kumnyang'anya safari yake.

Mlangoni yule mama alinishika mkono. "Mwanangu, wewe wamekuambia u nani?"

"Sijajua bado, mama."

Akafungua daftari, akalitazama jibu lake kwa muda mrefu.