Geuza Kitambaa Uone Nyuma

Mara ya kwanza niliporudi kutoka Japani nilileta zawadi tele, na nusu yake ninaijutia hadi leo. Dada yangu nilimletea joho linalong'aa, lenye picha za korongo, nililolinunua Asakusa, mtaa wa Tokyo, hatua chache kutoka hekalu la Sensō-ji. Alilivaa Idi, akasifiwa sana. Siku ya kulifua ndipo tukaiona lebo ndogo mshononi: poliesta, tena limetengenezwa nchi nyingine kabisa. Dada alinyamaza. Iliniuma.

Sasa nikisikia mtu anakwenda Tokyo, namwambia anunue tenugui. Ni kitambaa cha pamba, upana kama sentimita 35 na urefu kama 90. Wajapani wenyewe hukifutia mikono, hujifunga kichwani wakiwa kazini, hufungia chupa wanayompelekea mwenyeji. Vile vizuri hutiwa rangi kwa ufundi uitwao chūsen: kitambaa hukunjwa tabaka juu ya tabaka, fundi akamimina rangi kwa birika lenye mdomo mwembamba, kisha rangi ikavutwa ipenye hadi tabaka la chini. Ndiyo maana ukikigeuza, nyuma ni sawa na mbele. Kilichopigwa chapa juu juu, nyuma kimepauka. Huhitaji kujua Kijapani kulitambua hilo, na kwa yeni 1,000 na ushei unakipata.

Ncha zake hazipindwi. Mama alipoona nyuzi zinachomoka aliinuka kutafuta sindano, maana kwake kanga haivaliwi kabla ya kupindwa. Nikamweleza kuwa zimeachwa makusudi ili kitambaa kikauke upesi, na kikishafuliwa mara kadhaa nyuzi huacha kutoka. Alikipapasa muda mrefu, akasema zamani kulikuwa na kanga zilizochapwa hukohuko Japani. Kweli zilikuwapo.

Mwenye fedha na nafasi kwenye begi atazame mabirika ya chuma ya Nambu, kutoka mkoa wa Iwate. Hapa napo, funua kifuniko. Tetsubin, birika la kuchemshia maji, ndani halina enameli. Lenye enameli ni la kutilia majani ya chai, lisibandikwe motoni. Kosa si kununua hili au lile, kosa ni kutojua umenunua lipi.

Tangu 1974 Japani ina sheria ya kulinda kazi za jadi. Ili kazi itambuliwe, sehemu kubwa lazima iwe ya mkono, kwa ufundi uliodumu kama miaka 100. Bidhaa zilizopita ukaguzi huweza kubandikwa alama maalumu, nayo inasaidia hasa kwa vitu vya bei kubwa. Ila mimi bado naamini vidole vyangu kwanza.

Tenugui ya mama ni ya buluu, ya mawimbi. Anaining'iniza msumarini kando ya jiko. Imefuliwa mpaka imelainika, na nyuma bado ni sawa na mbele.