Pasi ya akina Mottley haikuwa ya bure

Hapa Louisville, kwenye barabara ya West Broadway, kuna jengo kubwa la zamani ambalo watu bado wanaliita L&N. Siku hizi ni ofisi za serikali ya jimbo la Kentucky. Zamani yalikuwa makao makuu ya reli ya Louisville & Nashville. Kila ninapowasindikiza humo wazee wetu waliotoka Kongo na Burundi, niwatafsirie makaratasi yao, huwakumbuka mume na mke ambao reli hiyo iliwaahidi jambo la maisha yao yote, kisha mahakama ikaiambia isitimize.

Erasmus na Annie Mottley walikuwa abiria tu. Septemba 1871 waliumia katika ajali ya treni ya L&N. Wangeweza kuishtaki kampuni na kudai fidia, lakini kampuni ikaona heri wapatane: ninyi acheni madai yenu, nasi tutawapa pasi za kusafiri kwenye reli zetu, tuzihuishe kila mwaka maadamu mmoja wenu yu hai. Mkataba ukaandikwa Oktoba 2, 1871. Kwa miaka 35 wakasafiri kwa pasi hizo.

Ulipoingia mwaka 1907, kampuni ikakataa kuzihuisha. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ikasema, hairuhusu tena.

Sheria yenyewe, Hepburn Act ya 1906, ilikuwa na sababu nzuri, na siwezi kuibeza. Pasi ndiyo iliyokuwa takrima ya enzi ile. Mbunge alikuwa nayo mfukoni, na hakimu, na mhariri wa gazeti. Mkulima aliyelipa nauli kamili, na kusafirisha mazao yake kwa bei ya kumuumiza, alikwenda kulalamika mbele ya watu waliokuwa wakibebwa bure na huyo huyo anayemlalamikia.

Majimbo yalikuwa yameuona ugonjwa huo mapema. Katiba ya California ya 1879 ilisema ofisa wa umma akipokea pasi, cheo kinamtoka. Katiba ya Kentucky ya 1891, kifungu cha 197, nayo ikaweka adhabu hiyo hiyo kwa ofisa, mbunge au hakimu wa jimbo. Hapo ndipo ninapoiheshimu Kentucky: ilimlenga mwenye cheo, ikamwacha raia aliyevunjika kwenye ajali na mkataba wake.

Kongresi, bunge la Marekani, ilifanya kinyume. Kwa safari za kuvuka majimbo ilipiga marufuku pasi kwa watu wote, kisha ikaanza kutoa ruhusa moja moja: wafanyakazi wa reli na familia zao, wachungaji, maskini, hata vijana wanaouza magazeti ndani ya treni. Orodha hiyo inawataja pia watu walioumia katika ajali za treni, pamoja na madaktari na wauguzi wanaowahudumia. Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza nilirudi kuusoma tena, nikidhani akina Mottley wamepona. Haukuwasaidia.

Walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho, wakashinda. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta kesi nzima bila kugusa haki ya yeyote. Ilisema mahakama ya shirikisho haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza: pande zote mbili ni za Kentucky, madai ni ya mkataba, na sheria ya shirikisho inaingia tu kama utetezi wa kampuni. Hakuna upande uliokuwa umeleta hoja hiyo. Majaji waliiibua wenyewe. Wanafunzi wa sheria Marekani husoma hukumu hiyo hadi leo kwa ajili ya kanuni hiyo, na nadhani wengi hawaendelei kuuliza wale watu wawili waliishia wapi.

Walianza upya katika mahakama za Kentucky, na huko wakashinda hadi mahakama ya rufaa ya jimbo. Kampuni ikarudi Washington, kwenye Mahakama ya Juu. Mwaka 1911 Jaji John Marshall Harlan, mzaliwa wa Kentucky mwenyewe, akaandika kwamba nauli ya kuvuka majimbo hulipwa kwa fedha tu, kwa kiwango kilichotangazwa, na kwamba mkataba wa zamani hauwezi kuifunga Kongresi mikono. Kama ungeweza, kila kampuni ingejiandalia mikataba mapema na kuikwepa sheria.

Hoja hiyo ina uzito. Marekani ilikuwa na majimbo 46 wakati huo, na treni haisimami mpakani kuuliza sheria ya upande wa pili. Nakubali kwamba sheria ya shirikisho ilipaswa kushinda kuhusu pasi. Sikubali kwamba kampuni ilipaswa kubaki na vyote viwili, pasi na msamaha wa madai. Akina Mottley walikuwa wameshalipa, tena kwa miili yao.

Mwaka 1914 ikaja kesi nyingine, ya mwanamke, mke wa mfanyakazi wa reli, ambaye mwenyewe aliumia akisafiri kwa pasi. Pasi ilikuwa na maandishi kwamba mwenye kuitumia hataidai kampuni chochote. Mahakama ya Georgia iliona pasi ya namna hiyo ni sehemu ya ujira wa mume, kwa hiyo maandishi yale hayana nguvu. Mahakama ya Juu ikasema hapana: sheria ya shirikisho inaiita pasi ya bure, basi ni ya bure, na kampuni haidaiwi. Sasa ziweke hukumu hizi mbili pamoja. Akina Mottley wananyimwa pasi kwa sababu waliilipia kwa kitu kisicho fedha. Mke wa mfanyakazi ananyimwa fidia kwa sababu pasi yake, iliyotokana na jasho la mumewe, inahesabiwa kuwa haikulipiwa. Mara zote mbili mahakama za jimbo ziliiona bei iliyolipwa, na mara zote mbili ikafutwa Washington.

Je, akina Mottley wangeweza angalau kurudishiwa haki yao ya kudai fidia ya ajali, miaka 40 baadaye? Harlan alilitaja swali hilo mwishoni mwa hukumu. Mahakama ile ile iliyoibua mwaka 1908 hoja ambayo hakuna aliyeileta ikasema swali hilo haliko mbele yake.