Mtuambie mapema chanjo ya kipindupindu inafanya nini tumboni

Mimi hii chanjo ya kunywa naikubali, niliseme hilo kabisa mtu asije akasoma nusu akaanza kufowadi kwamba nimepinga. Kinachonikera ni ile kauli ya "haina madhara yoyote, we kunywa tu". Anayeisema anadhani anamtoa mtu hofu, kumbe anaipanda.

Shemeji yangu anaendesha lori, safari zake ni Arusha mpaka Zambia. Mwanzoni mwa 2024 Lusaka walikuwa na kipindupindu kibaya na watu wakawa wanachanjwa mitaani, na yeye akapata. Akatutumia voisi kwenye group la familia: wamempa kichupa kidogo cha plastiki, wanasokota kichwa kinakatika wanakumiminia mdomoni, haifiki hata nusu ya kijiko cha chai, ladha yake mbaya mpaka akataka kutema. Aliambiwa haina shida yoyote. Usiku tumbo likaanza kunguruma, kichwa kikauma, choo kikalegea, basi asubuhi voisi ya pili ikaingia, "jamani hawa watu wamenipa kipindupindu." Group likawaka moto siku nzima, kila mtu na lake, ila mama mdogo wa Ngarenaro, ambaye anauza mboga pale soko la Kilombero, ndo aliuliza swali la maana: kwani wangemwambia mapema wangepungukiwa nini?

Na jibu ni hakuna, manake ukweli wenyewe hautishi. Hizi chanjo za kampeni zimetengenezwa kwa vimelea vya kipindupindu vilivyouawa kwa joto na dawa, havizaliani tumboni wala haviwezi kukupa ugonjwa hata iweje. Kinachoweza kutokea ni tumbo kuvuruga, kichefuchefu, kutapika, kuharisha kidogo, kichwa kuuma, homa ndogo, na wengi hawapati hata kimoja. Kwa kawaida siku moja mbili imeisha. Mzio mkali upo ila ni nadra sana, na kama dozi ya kwanza ilikuletea huo basi ya pili usinywe. Ukiwa na homa kali siku hiyo subiri upone kwanza. Sasa haya maneno si dakika moja tu unamwambia mtu akiwa kwenye foleni?

Kuna kitu kingine kinachanganya watu. Mtu akigugo anakuta chanjo tofauti zimewekwa kapu moja. Kuna Vaxchora, ya Marekani, iliyoruhusiwa kule 2016, hiyo ina kimelea hai kilichodhoofishwa na inatumiwa zaidi na wasafiri. Kuna Dukoral unayochanganya na maji yenye dawa ya kupunguza asidi na hutakiwi kula wala kunywa saa moja kabla na saa moja baada. Alafu kuna Euvichol, na zamani Shanchol ambayo haitengenezwi tena, hizo ndo za kampeni na hazina masharti ya chakula. Mtu anasoma madhara ya ile yenye kimelea hai anakuja kuwatisha wenzake kuhusu ile iliyokufa, na hakuna wa kumsahihisha sababu waliotakiwa kueleza walishasema hakuna madhara wakaondoka.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Kinga haiji palepale, inachukua kama wiki hivi, na kipindupindu kinaweza kukaa mwilini kuanzia masaa machache mpaka siku tano ndo kianze kuonekana. Kwahiyo mtu anaweza kuwa alishameza vimelea jana kwenye maji ya kisima, leo akanywa chanjo, kesho akaanza kuharisha maji meupe kama maji ya mchele, akajilaza ndani anasema ni chanjo hii itapita. Haipiti hiyo! Kipindupindu kikali kinaua ndani ya masaa, na wakati huohuo mgonjwa akiwahiwa kwa ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na dripu ni nadra sana kufa. Ndo maana nasema mtu aambiwe yote mawili kwa pamoja: tumbo linaweza kuvuruga kidogo, ila ukiharisha maji mfululizo usisubiri, anza ORS hapohapo na ukimbie kituo cha afya.

Wajawazito nao huwa wanatishwa sana. Zanzibar walichanja Unguja na Pemba 2009 kwa Dukoral, na kuna kina mama walikunywa bila kujua wana mimba, wakafuatiliwa wao na watoto wao na haikuonekana dalili kwamba chanjo imewadhuru. WHO nao 2017 wakasema wajawazito na wanaonyonyesha wajumuishwe kwenye kampeni, na wenye virusi vya UKIMWI pia, kwasababu kwa mjamzito hatari yenyewe ni kipindupindu, kinaweza kumtoa mtoto.

Na ukipata shida baada ya chanjo usiishie kulalamika kwenye group. Rudi kituoni useme ulikunywa lini, shida ilianza saa ngapi, umekula nini na umekunywa maji ya wapi. TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, wana fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, mhudumu anaijua, we mwambie aijaze mbele yako, na akikwambia kitu kidogo hicho hakiandikwi, mwombe kwa adabu akiandike hivyohivyo.