Karani wa sensa alifundishwa, mwalimu akasainishwa

"Kama WhatsApp anaiweza, kishikwambi kitamshindaje?" Swali hilo huibuka kila zinapotajwa fedha za kuwafundisha walimu kutumia vishikwambi, na anayeliuliza huwa ameshajijibu. Mwalimu wa leo ana simu janja. Anachangia harusi kwa simu, analipia king'amuzi kwa simu, anajua matokeo ya Simba na Yanga kabla refa hajafika chumba cha kubadilishia nguo. Kishikwambi ni simu iliyonenepa tu. Basi kikilala kabatini, kosa ni uvivu, na uvivu hautibiwi kwa semina. Semina huleta posho, sambusa na picha ya pamoja.

Humo mna ukweli, na nitaufikia. Ila wasemao hivyo wamesahau jambo lililofanyika mbele ya macho yetu sote.

Vishikwambi vingi walivyonavyo walimu wa shule za umma Tanzania havikununuliwa kwa ajili ya darasa. Vilinunuliwa kwa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, sensa yetu ya kwanza kufanyika kidijitali. Kazi ilipokwisha Serikali ikaamua viende kwenye elimu, na mwishoni mwa mwaka huohuo vikaanza kugawiwa, karibu 300,000 kwa Bara na Zanzibar. Sina ugomvi na uamuzi huo. Kifaa kilichokwisha kulipiwa ni afadhali kiwe mkononi mwa mwalimu kuliko ghalani.

Kinachonisumbua ni muda. Karani wa sensa, kabla ya kwenda kubisha hodi kwenye nyumba ya kwanza, alikaa mafunzoni zaidi ya wiki mbili. Alikuwa na kifaa mkononi, akafanya mazoezi, akakosea, akasahihishwa. Na hata alipofuzu hakuachwa peke yake. Nafasi zilipotangazwa zilikuwa za aina tatu: karani, msimamizi wa maudhui na msimamizi wa TEHAMA. Yaani waliopanga sensa walijua tangu mwanzo kwamba kifaa kitagoma, programu itakwama, mtu atasahau namba ya siri, na wakaweka mtu wa kuitwa.

Mtu atasema mafunzo yale hayakuwa ya kifaa. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Karani alifundishwa kaya ni nini, mkuu wa kaya ni nani, mgeni aliyelala hapo usiku wa kuamkia siku ya sensa anahesabiwa wapi, na ramani ya eneo lake inasomwaje. Lakini hoja hiyo ukiigeuza inamtetea mwalimu zaidi. Karani alipewa kifaa chenye kazi moja: dodoso linamuuliza, naye anajaza, anasonga mbele. Hakuhitaji kujua faili limeenda wapi, wala kuonyesha kitu kwa watu 80, wala kuamua kama kifaa kinafaa kwa somo la leo au ubao unatosha. Mwenye kazi moja alipewa zaidi ya wiki mbili na msimamizi wa kumwita. Mwenye kazi ishirini, walimu wengi ninaozungumza nao wananiambia, alipewa fomu ya makabidhiano, akasaini, akaondoka na boksi.

Na miongoni mwa makarani wale walikuwamo walimu! Huyohuyo mwalimu, Agosti alionekana mtu anayestahili kufundishwa polepole mpaka aelewe. Miezi michache baadaye, kifaa kilekile kilipomrudia, tukaamua kwamba atajijua.

Sasa hicho kinachoitwa ujuzi wa msingi ni nini hasa? Wanaocheka hudhani ni kuwasha na kuzima. Chukua mwalimu wa Sayansi darasa la tano aliyetumiwa notisi za PDF na mwenzake. Amezipakua usiku akiwa na bando. Asubuhi yupo darasani, mtandao hakuna, na faili halionekani, kwa sababu tangu aanze kutumia simu hajawahi kuhitaji kujua kwamba vitu vinavyopakuliwa vina folda yake. Kwenye WhatsApp kila kitu humfuata ndani ya mazungumzo. Akikitaka anapandisha juu kwa kidole mpaka akione. Mazoea hayo hayamsaidii hapa. Akikipata hatimaye, kioo kinajizima kila baada ya sekunde 30 maana hajui pa kurefusha muda huo. Akikiinamisha kumwonyesha mtoto wa dawati la mbele, ukurasa unageuka. Dakika kumi zimekwisha na somo halijaanza. Kesho kitabaki nyumbani, na mkaguzi wa mtandaoni ataandika: mvivu.

Lipo na suala la akaunti, ambalo nadhani limefunga vishikwambi vingi kuliko vumbi na maji kwa pamoja. Mwalimu alifunguliwa akaunti ya Google na kijana wa duka la simu au na mwanawe wa kidato cha pili. Nywila anaijua kijana. Kifaa kikagoma, fundi akakirudisha kilivyotoka kiwandani, kikawaka na kudai akaunti ya zamani. Hapo kimekuwa kibao cha kukatia nyanya. Kumkinga mwalimu na hasara hiyo kunahitaji nusu saa tu: afungue akaunti kwa mkono wake, aandike nywila kwenye daftari analolitunza, aunganishe namba yake ya simu, kisha atoke kwenye akaunti hiyo na kuingia upya mbele ya mwenzake mpaka aone imekubali.

Hoja nzito ya upande wa pili imetoka hapahapa kwetu, mkoani Tanga, na inanishangaza kwamba haitajwi zaidi. Kati ya mwishoni mwa 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170, vikiwa na programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wa watoto hao, asilimia 74, walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwalimu hakuwapo. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilipungua kwa nusu. Timu mbili zilizotengeneza programu hizo, Onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10.

Ni matokeo ya kuheshimu, na anayeyatumia kuniuliza "mtoto wa Korogwe aliweza bila semina, mwalimu mwenye diploma ashindwe?" ameuliza swali la haki. Jibu langu ni kwamba programu zile zilitengenezwa mahususi kwa mtu asiyejua chochote: hakuna folda, hakuna nywila, picha na sauti vinamshika mtoto mkono. Miaka ya kazi na mamilioni ya dola yalitumika kuondoa kila kikwazo ambacho mwalimu wetu anakutana nacho kabla ya kengele ya pili. Kuchaji kuliwekewa vituo vya umeme wa jua na kina mama wa kijiji wa kuvisimamia. Na hata kwa maandalizi yote hayo, hesabu yenyewe inasema nini? Asilimia 90 na ushee ikipungua kwa nusu, inabaki si mbali na nusu ya watoto wote, wasioweza kusoma neno moja baada ya mwaka na robo. Sisemi hivyo kubeza. Nasema kifaa peke yake, katika mazingira yaliyopangwa kwa uangalifu ambao shule ya kata haitauona, kilifika nusu ya njia.

Kuna tofauti nyingine isiyopimwa kwa asilimia. Mtoto akibonyeza vibaya anacheka, anabonyeza tena. Mwalimu wa miaka 54 akibonyeza vibaya mbele ya darasa, wanaocheka ni wengine, na baadhi yao wana simu kali kuliko yake nyumbani. Heshima ya mwalimu darasani ndiyo mtaji wake. Kumwambia ajifunze kwa kujaribu hadharani ni kumtaka auchezee mtaji huo kila siku, halafu tunashangaa anapochagua chaki.

Wakenya wamepita hapa kabla yetu. Ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, ya kampeni za 2013, iligeuka kuwa tableti, na tangu 2016 vifaa zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Walimu walifundishwa kwa maelfu. Bado tableti nyingi ziliishia kabatini chini ya kufuli, mara nyingi kwa sababu mwalimu mkuu ndiye angejibu zikiibwa. Kwa hiyo mafunzo si dawa ya kila kitu. Kenya inatosha kumnyamazisha anayedhani ni dawa hiyo, nami nikiwamo.

Na hapa wapinzani wa semina wana haki yao kamili. Mafunzo tuliyoyazoea yanaanza taifa, yanashuka mkoa, wilaya, kata, na kila yanaposhuka yanapungua, mpaka anayefika shuleni anakuja na karatasi za kusomea wenzake. Mkufunzi anaonyesha kwa projekta vitufe ambavyo havifanani na vya kifaa cha mwalimu. Washiriki 60, soketi nne. Ukiniambia fedha za semina ya namna hiyo zinunue madawati, nitakubali kabla hujamaliza sentensi.

Lakini tunayo njia nyingine ambayo tayari ina jina na ratiba. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji na wafundishane. Jukwaa hilo linafaa kishikwambi kuliko ukumbi wowote wa hoteli. Stadi moja kwa wiki. Wiki hii kupiga picha ukurasa wa kitabu na kuukuza kwa vidole viwili. Wiki ijayo kumrekodi mwanafunzi akisoma kwa sauti, kisha kumsikilizisha, na kwa kweli sijaona matumizi bora ya kishikwambi kimoja katika darasa la watoto 80 kuliko hilo. Halafu kutumiana faili bila bando. Hakuna slaidi, hakuna posho, na kila mmoja anabonyeza cha kwake.

Ugumu ni kwamba katika chumba cha walimu anayejua kwa kawaida ni ajira mpya, na asiyejua ni mwalimu mkuu aliyemfundisha baba yake. Nimesikia ikifanyika vizuri: "Shikamoo mwalimu, naomba uniwekee alama za darasa la sita kwenye hiki chako, nami nitakusomea majina." Kijana anasoma majina, mzee anaingiza alama, na katikati ya majina 40 ameshajua kuhifadhi faili. Nimesikia pia kijana akisema, "Lete nikufanyie." Kikao hicho hakikufundisha mtu chochote, kwani kifaa kilitoka mkononi mwa mwenye kukihitaji, na kilipomrudia kilikuwa kigeni vilevile.

Wako watakaosema yote haya ni anasa wakati kiwango cha mwanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja bado ni ndoto katika shule nyingi. Sibishani nao. Ila vifaa vimeshanunuliwa na kusainiwa, na betri zake zinazeeka zikitumika au zisitumike.

Vitahitaji warithi. Zabuni ya vishikwambi vijavyo ikiandikwa, itataja ukubwa wa kioo, uwezo wa betri na dhamana ya mwaka mmoja au miwili. Ningependa itaje pia saa za mwalimu za mazoezi shuleni kwake, zikiwa ndani ya bei ya kila kifaa, na mtu wa TEHAMA wa kuitwa kwa kila kata, kama tulivyofanya kwa karani wa sensa. Idadi ya vifaa ikipungua kidogo ili saa hizo zilipwe, mimi nitaunga mkono ipungue.