Kuzima myostatini: misuli inaongezeka kweli, ila nguvu je?

Wadau wa gym hili jina mnalijua, myostatini, ile protini ya mwili inayozuia misuli isikue kupita kiasi, maana siku hizi kuna makopo ya virutubisho yameandikwa kabisa kwamba yanaizima. Hayo makopo tuyaache, mtu na hela yake. Mi nataka tuongelee wale wanaotaka kuizima kwa dawa ya hospitali, kwa wagonjwa ambao misuli yao inakufa au inasinyaa, huko ndo kuna mjadala wenyewe na kila upande una hoja zake.

Kwanza inavyofanya kazi. Myostatini inatengenezwa na msuli wenyewe halafu inazunguka kwenye damu, ikifika kwenye seli ya msuli inashika kipokezi kinaitwa ActRIIB, kipokezi kinaamsha protini za Smad2 na Smad3, hizo zinaungana na Smad4 zinaingia kwenye kiini cha seli zinaamua jeni gani zifanye kazi na zipi zitulie. Hapo seli changa zinazuiwa kuongezeka na kukomaa kuwa nyuzi za msuli, na ile njia ya Akt na mTOR inayojenga protini inabanwa. Akt ikibanwa, protini nyingine inaitwa FoxO inapata upenyo wa kuingia kwenye kiini na kuwasha jeni za atrogini-1 na MuRF1, protini ambazo kazi yao ni kuziwekea alama protini za msuli ili zivunjwe. Kwa hiyo ni breki, na msuli umejiwekea wenyewe.

Wanaosema tuikate hiyo breki hawajaota. Mwaka 1997 Alexandra McPherron, Ann Lawler na Se-Jin Lee wa chuo kikuu cha Johns Hopkins Marekani waliondoa jeni yake kwa panya, misuli ikawa mikubwa mara 2 hadi 3 ya panya wa kawaida. Mwaka huohuo ikajulikana wale ng'ombe wa Belgian Blue, wanaoonekana kama wamepigwa pampu, jeni yao hiyohiyo imepungukiwa herufi 11 za DNA. Mwaka 2004 madaktari wa Ujerumani wakaripoti mtoto aliyezaliwa bila myostatini inayofanya kazi, akiwa na miaka minne na nusu alikuwa anashika uzito wa kilo 3 kila mkono, mikono imenyooshwa pembeni. Halafu 2010 panya wenye saratani walizibiwa hiyo njia, misuli yao ikarudi na wakaishi muda mrefu zaidi, wakati uvimbe wenyewe haukupungua. Hii ya mwisho kwangu ndo hoja nzito kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kusinyaa kwa msuli kwenyewe kunaua, sio saratani peke yake.

Sasa upande wa pili. Ukiwapima vizuri wale panya wa misuli mikubwa, nguvu yao kwa kila gramu ya msuli iko chini, na nyuzi zao zinachoka haraka. Belgian Blue nao ndama anakuwa mkubwa mpaka kuzaa kwa upasuaji ni jambo la kawaida. Kwa binadamu ndo mambo yakaharibika zaidi: MYO-029, dawa ya kuzima myostatini, ilijaribiwa kwa watu wazima wenye misuli inayodhoofika, majibu yakatoka 2008, hakuna nguvu iliyoongezeka. Dawa nyingine, ACE-031, kwa watoto wa Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaoua misuli, ilisimamishwa 2011 sababu walikuwa wanatokwa damu puani na kwenye fizi, na vimishipa vya damu vinatokeza kwenye ngozi. Unajua kwa nini? Ile dawa ilikuwa inanasa kila kinachoshika ActRIIB, ikiwemo BMP9 inayotunza mishipa ya damu. Domagrozumabu ya Pfizer, iliyolenga myostatini yenyewe, nayo ikaachwa 2018, watoto hawakupanda ngazi haraka kuliko wenzao wasiopewa.

Wengi wanaishia hapo wanasema wazo limekufa. Mi sikubaliani, naona tatizo ni ugonjwa uliochaguliwa. Mtoto wa Duchenne hana distrofini, protini inayoimarisha utando wa seli ya msuli, kwa hiyo utando wa seli yake unachanika kila msuli ukikaza, kalsiamu inaingia, seli inakufa. Ukimwongezea ukubwa wa seli hujaziba tundu hata moja. Na 2017 ikaonekana wagonjwa wengi wa aina hii myostatini yao kwenye damu tayari iko chini, mwili umeshaipunguza wenyewe, sasa dawa inazima nini? Seli kubaki hai na seli kunenepa ni maswali mawili tofauti, yakachanganywa.

Angalia SMA, ule ugonjwa wa neva za uti wa mgongo. Hapo nyuzi zenyewe hazina kasoro ya distrofini, shida neva imekufa, na siku hizi kuna dawa za nusinerseni na risdiplamu zinazookoa neva zilizobaki. Apitegromabu, inayoishika myostatini kabla haijaamka na haigusi ndugu zake, ikaongezwa juu ya dawa hizo, na 2024 majibu yakaonyesha tofauti ya pointi 1.8 kwenye kipimo cha pointi 66 cha kukaa, kugeuka na kusimama. Ndogo? Ndogo kweli, lakini ni ugonjwa ambao kawaida pointi zinashuka.

Kinachonipa wasiwasi ni soko linapoelekea, yaani unene. Dawa ya bimagrumabu inaziba vipokezi vyenyewe, na kwenye jaribio la 2021 kwa watu wanene wenye kisukari ilishusha mafuta kwa asilimia 20 hivi ndani ya wiki 48 na nyama isiyo mafuta ikapanda asilimia 3.6. Na kwa kuwa sindano za kupunguza uzito zinaondoka na misuli pia, naelewa kwa nini Eli Lilly wakainunua kampuni iliyokuwa nayo 2023. Ila kuziba kipokezi ni kugusa zaidi ya myostatini, na mtu mnene atakaa na dawa miaka, sio wiki 48. Mi ningetaka kwanza wapime nguvu ya mkono na kasi ya kuinuka kwenye kiti kwa wazee, kabla ya kutuonyesha picha za skani.